Pampu Iliyosingiziwa: Uchambuzi wa Trekta Iliyokuwa Ikizima Ikipata Mzigo

Trekta ninayoizungumzia ni ya dizeli, ya silinda tatu, yenye nguvu za farasi zipatazo 45. Mpangilio wa mafuta yake ni ule ule wa Massey Ferguson 135 na nyingine nyingi za miaka ya 1960 na 1970: tenki limekaa juu ya injini, chini ya tenki kuna koki, kwenye koki inaanzia paipu inayoshuka hadi fidi pampu (pampu ndogo ya kuvuta mafuta kutoka tenki) iliyofungwa ubavuni mwa injini, kutoka hapo mafuta yanakwenda kwenye filta, yanaingia pampu ya nozeli, na pampu inazigawia nozeli tatu zinazorusha mafuta ndani ya silinda. Hakuna kompyuta wala sensa. Kila kitu kinashikika na kinaonekana, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha. Hoja yangu katika kisa hiki ni hiyo: kwenye mfumo wa namna hii mafuta yafuatwe kuanzia tenki, hatua kwa hatua, na pampu ya nozeli iwe ya mwisho kuguswa. Hapa ilikuwa imebaki kidogo ing'olewe kabla hata tenki halijachunguliwa.

Malalamiko

Asubuhi inawaka mara moja. Ikiingia shambani na plau ikazama, inavuta vizuri kwa muda, kama nusu saa hivi, halafu inaanza kuchoka. Mlio unashuka, resi inapanda na kushuka yenyewe. Dereva akikanyaga klachi ipumue, inarudi kidogo, akiachia, inakata. Mwisho inazima. Wanaiacha ikae. Dereva anapiga fidi pampu kwa mkono, anafungua skrubu ya filta, linatoka povu, kisha yanatoka mafuta safi, anabana, anapiga stata, inawaka. Inarudi kazini, na safari hii haifikishi hata nusu ya muda ule wa kwanza. Kuelekea jioni kazi inakuwa ni kuvuta mistari miwili mitatu na kusimama. Lakini trekta hiyo hiyo ikifungwa trela tupu inakwenda kutwa bila kusumbua.

Kabla sijaitwa, filta ilikuwa imebadilishwa zaidi ya mara moja, na mara nyingine ile ya karatasi ilioshwa kwa petroli ikarudishwa. Fidi pampu mpya ilikuwa imefungwa. Nati zote za paipu zilikuwa zimekazwa na kukazwa tena, nyingine hadi pembe zake zikalika. Baada ya hayo yote ikatoka hukumu: "Pampu imekufa, ifunguliwe." Mwenye trekta alikuwa ameshakubali, na spana zilikuwa tayari zimewekwa chini ya bonati.

Kabla ya kushika spana

Maelezo ya dereva peke yake yalitosha kuitilia shaka hukumu ile. Kwanza, ugonjwa ulikuwa unapona kwa kutoa upepo, yaani kuondoa hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Pampu ya nozeli iliyochoka haiponi hivyo. Uchovu wake uko kwenye vyuma vilivyolika, na vyuma vilivyolika havirudi kuwa vizima kwa sababu trekta imepumzika chini ya mti. Hewa nayo haizaliwi ndani ya pampu. Ikionekana kwenye filta, ambayo iko kabla ya pampu, basi imeingilia huko nyuma, upande wa tenki. Povu lile ambalo kila mtu alikuwa akiliona na kulitoa ndilo lilikuwa ushahidi mkubwa kuliko wote, na lilikuwa likimwagwa chini.

Pili, ilikuwa inabagua kazi. Hapa hesabu kidogo inasaidia. Injini ya dizeli ya zamani ya ukubwa huu, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hunywa karibu lita 10 kwa saa. Ukigawa, ni kama mililita 160 kwa dakika. Ikivuta trela tupu hunywa sehemu ndogo tu ya hapo. Kwa hiyo njia ya mafuta iliyozibika nusu inaweza kuilisha injini vizuri kabisa barabarani na kuinyima chakula shambani. Trekta inayokwenda vizuri bila mzigo na kufa ikipata mzigo haijathibitisha kwamba pampu ni mbovu. Imethibitisha kwamba kuna mahali mafuta hayatoshi, basi.

Tatu, moshi. Nilimuuliza dereva: "Ikianza kuchoka, moshi unakuwaje?" Akafikiri, akasema, "Unapotea, fundi. Unakuwa kama haupo." Jibu hilo lina uzito. Injini ikikosa hewa, kwa mfano kisafisha hewa kimeziba, hutoa moshi mweusi kwa sababu mafuta ni mengi kuliko hewa ya kuyaunguza. Ikilemewa tu na mzigo ilhali mafuta yapo, nayo hutoa mweusi, maana gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) inazidi kumimina mafuta. Hii ilikuwa inapoteza nguvu huku moshi unafifia. Mafuta hayakuwa yakifika. Swali kama hilo halihitaji kufungua nati hata moja, na nashangaa ni mara chache kiasi gani mafundi tunamuuliza dereva kuhusu moshi, wakati yeye ndiye amekaa nao kutwa nzima.

Kipimo cha kwanza, cha pili, na kile kilichotoa jibu

Nilianza na kisichogharimu chochote, mfuniko wa tenki. Mfuniko una tundu dogo la kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Tundu likiziba kwa vumbi na grisi, tenki hujivuta lenyewe kwa ndani na mafuta hukataa kushuka; ukifungua mfuniko unasikia hewa ikiingia kwa kishindo. Dalili zake hufanana mno na zile tulizokuwa nazo. Tukaiendesha trekta shambani mfuniko ukiwa umelegezwa. Ikazima vile vile. Mfuniko ukatoka kwenye orodha.

Kisha nikafungua paipu pale inapoingia kwenye fidi pampu na kuiacha imwage mafuta kwenye chombo safi, koki ikiwa wazi yote. Tenki liko juu, kwa hiyo mafuta yanashuka kwa uzito wake tu. Yalitoka mkondo uliojaa paipu. Watu waliosimama pale wakasema, "Umeona? Mafuta yapo." Na kweli kipimo hiki kilikuwa kimeshafanywa na mafundi waliotangulia: wakafungua, wakaona yanatoka, wakafunga. Ila wao waliangalia sekunde chache.

Niliacha yaendelee kumwagika. Kwa muda mkondo ulibaki vile vile. Halafu ukaanza kukonda, bila ya mtu kugusa chochote. Ukawa uzi. Uzi ukakatika, yakabaki matone, na tenki lilikuwa na mafuta zaidi ya nusu. Nikafunga koki, nikasubiri kidogo, nikafungua tena: mkondo ukarudi umejaa, kisha ukakonda tena, na mara hii haraka zaidi. Nikapuliza paipu kurudi nyuma kwa pampu ya baiskeli, mfuniko ukiwa wazi. Ndani ya tenki yakasikika mapovu, na kitu kikagonga bati. Mkondo ukarudi. Kisha ukakonda.

Mtu akipuliza, apulize kwa upole. Hewa ya kompresa ikiachiwa yote inaweza kurusha mafuta usoni kwa anayechungulia tenki, na inasukuma uchafu ambao ungetaka kuuona mahali ulipo.

Mpaka hapo ilikuwa wazi kwamba kuna kitu kinaelea au kulala chini ya tenki, kinavutwa na mkondo hadi kwenye tundu la koki, kinaliziba, na mkondo ukikoma kinaachia. Lakini kujua kwamba tenki ni bovu si sawa na kujua kwamba vingine ni vizima. Kwa hiyo nikafanya kipimo ambacho naomba kila mwenye trekta ya zamani akikumbuke siku atakapoambiwa pampu imekufa. Tukafunga dumu safi la dizeli mahali pa juu, likakazwa imara mbali na bomba la moshi, tukaunganisha mpira unaoonyesha ndani kutoka kwenye dumu hadi fidi pampu, tukatoa upepo, tukaenda shambani na plau ile ile. Dumu likawa ndilo tenki.

Ilivuta mchana wote. Tulijaza dumu, ikaendelea kuvuta. Kwenye mpira ule mafuta yalipita safi, bila kiputo. Kipimo hicho kimoja kiliitoa lawamani fidi pampu, filta na pampu ya nozeli kwa mpigo mmoja, maana vyote vilikuwa kazini na hakuna kilichoizima trekta. Spana zikarudi kwenye boksi.

Hewa ilikuwa inaingilia wapi

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na funzo la kiufundi ambalo halionekani kwa haraka. Tundu lililoziba linaeleza kwa nini injini inakosa mafuta. Halielezi povu. Injini iliyokosa mafuta tu ingepaswa kuzima, ikakaa, kisha ikawaka kwa stata tu mafuta yakishuka tena. Hii ilikuwa inadai kutolewa upepo kila mara. Kwa hiyo kulikuwa na kasoro ya pili.

Kwenye trekta yenye tenki juu, paipu kati ya koki na fidi pampu kwa kawaida imejaa mafuta yanayosukumwa na uzito wake. Kiungo kilicholegea hapo kitavuja kwenda nje, kidogo sana, pengine tone moja kwa usiku mzima. Vumbi litanata, pataonekana weusi, na hakuna atakayejali. Lakini tundu la koki likiziba huku injini inaendelea kudai mafuta, fidi pampu inaanza kunyonya kwa nguvu kwenye paipu ambayo haina kinachokuja. Kiungo kile kile kilichokuwa kinavuja kwenda nje sasa kinavuta hewa kuja ndani. Hewa inapita fidi pampu, inajaa filta, inaingia pampu ya nozeli, na pampu ya nozeli haiwezi kuibana hewa hadi ifungue nozeli, maana nozeli za injini hizi hufunguka kwenye shinikizo la karibu bar 170 na zaidi. Injini inakufa, na haitafufuka mpaka hewa itolewe.

Ndiyo maana kasoro hizi mbili zilikuwa zinafichana. Paipu isingekuwa na kiungo kibovu, mtu angekisia mapema kwamba tenki limeziba. Tenki lisingekuwa na uchafu, kiungo kile kisingevuta hewa hata siku moja. Kila aliyekaza nati aliona povu linarudi, akaamua hewa haitoki kwenye nati, akaitazama pampu.

Kukipata kiungo chenyewe haikuwa kazi kubwa. Jioni, tenki likiwa limejaa na koki wazi, tulifuta viungo vyote vikakauka kabisa, tukavizungushia karatasi laini nyeupe. Asubuhi karatasi zote zilikuwa kavu isipokuwa ya kiungo cha paipu na koki, ambayo ilikuwa imelowa upande mmoja, alama yenye upana wa ukucha. Ile pete ya shaba inayobana paipu ndani ya nati ilikuwa imekazwa mara nyingi hadi ikabonyea na kupoteza umbo, na mdomo wa paipu wenyewe ulikuwa na ufa mwembamba. Kuikaza zaidi kulikuwa kunaongeza ufa. Tulikata kile kipande, tukaweka pete mpya.

Kanuni ya jumla inayotokana na hili ni nyepesi kukumbuka: kabla ya fidi pampu, kiungo kibovu huvuta hewa na huenda kisionyeshe hata tone injini ikiwa inazunguka, baada ya fidi pampu, kiungo kibovu humwaga mafuta nje na utakiona. Kwa hiyo ukiona povu kwenye filta na hakuna mahali panapovuja, usiseme hakuna kasoro. Nenda nyuma ya fidi pampu.

Ndani ya tenki

Tulimwaga mafuta yote kwenye vyombo safi kupitia kitambaa, tukalishusha tenki. Chini kabisa kulikuwa na maji, na juu ya maji utando mweusi unaoteleza. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini, na pale yanapokutana ndipo vijidudu huishi na kutengeneza ule utelezi. Maji yenyewe mengi hayakumwagwa na mtu. Tenki likilala nusu tupu, hewa ya ndani ikipoa usiku huacha unyevu kwenye kuta za bati, matone yanashuka, na asubuhi yapo chini.

Lakini mkosaji mkuu alikuwa rangi. Miaka ya nyuma tenki lilitoboka kwa kutu, na mtu akalimwagia ndani dawa ya kuziba inayoganda kama rangi nzito. Kazi hiyo ikifanywa kwenye bati lisilosafishwa vizuri haishiki. Rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande, vyepesi na laini kama maganda ya kitunguu, vingine vikubwa kuliko sarafu, na kimoja tulikikuta kimelala karibu na mdomo wa koki kikiwa na alama ya duara katikati yake. Duara lile lilikuwa na kipenyo cha tundu la koki.

Koki za trekta hizi huwa na chujio la wavu linalosimama ndani ya tenki, kama bomba fupi lenye matundu madogo madogo. Ganda likiegemea wavu huo haliwezi kuuziba wote, mafuta hupita upande mwingine. Wavu haukuwepo. Nina hakika kulikuwa na mtu aliyechoshwa na wavu unaoziba akauondoa, na kwa siku chache trekta ikaenda vizuri. Huo ndio uamuzi ulioleta yote yaliyofuata. Wavu unaoziba mara kwa mara unakuambia tenki ni chafu. Ukiuondoa, uchafu hubaki na mwenye kukuambia hayupo.

Tulijaribu kulisafisha. Kila tukisuuza, maganda mapya yalitoka. Rangi iliyobanduka nusu haiaminiki, na kupaka nyingine juu yake ni kuanza upya ugonjwa ule ule. Ama uitoe yote hadi bati litoke safi, ama utafute tenki jingine. Mwenye trekta akachagua tenki jingine. Lile la zamani lilikuwa na matundu ya kutu chini ya rangi, na sikushauri lichomelewe: tenki lililowahi kuwa na dizeli, hata likionekana kavu, mvuke wake ukipashwa moto unaweza kulipuka. Wachomeaji wamekufa kwa kazi hiyo.

Kurudisha na kutoa upepo

Filta mpya ilifungwa, na hapa pana jambo dogo linaloharibu kazi nzuri za watu wengi. Filta hizi za kubanwa na bolti moja ya katikati zina mipira ya duara juu na chini, na mpira mdogo kwenye bolti yenyewe. Mpira wa juu wa zamani hupenda kunata ndani ya mfereji wa kichwa cha filta. Usipoutoa, ukaweka mpya juu yake, filta haikai sawa na itavuja hata uikaze vipi. Chokoa mfereji, uuone uko tupu, ndipo uweke mpya. Mimi hupaka mipira dizeli kidogo isijikunje.

Utoaji upepo una mpangilio wake, na mpangilio ni kufuata njia ya mafuta. Resi ifunguliwe yote na kizimio kiwe upande wa kuwasha, kwani kikiwa upande wa kuzima utapiga stata hadi betri ife. Piga fidi pampu kwa mkono. Ukiona mkono wake hauna uzito wowote, usidhani ni mbovu: kamu ya injini imeusimamisha juu, zungusha injini mzunguko mmoja, utaupata. Anza na skrubu ya filta mpaka mafuta yatoke bila kiputo, uibane huku yanatoka. Kisha skrubu ya upepo iliyo ubavuni mwa pampu ya nozeli, kisha ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana. Kwenye pampu za DPA (aina ya pampu ya nozeli inayokutwa kwenye trekta nyingi za namna hii) usifungue skrubu ambayo huijui kazi yake; nyingine zimeshika kichwa cha pampu, na nyingine zimefungwa kwa waya na risasi kwa sababu zinapanga resi ya juu. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli, piga stata mpaka mafuta yaruke, bana.

Na hapo mkono ukae mbali. Mafuta yanayotoka kwenye nozeli au paipu iliyopasuka yanaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kama alama ya sindano na hakiumi sana mwanzoni, lakini ni dharura ya hospitali saa hiyo hiyo. Watu wamepoteza vidole na mikono kwa kusubiri kesho. Ukitafuta uvujaji wa paipu za shinikizo, tumia kipande cha karatasi ngumu, usipapase.

Trekta ikawaka, ikaenda shambani, ikavuta. Ila haikuishia hapo. Kwa kuwa sasa ilikuwa haizimi tena, kikasikika kitu ambacho kelele za ugonjwa mkubwa zilikuwa zimekificha: kwenye sailensa ilikuwa inamisi, yaani mlio unarukaruka, na ikiwa ya baridi ilitoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi. Tukalegeza nati ya nozeli moja moja injini ikizunguka pole pole. Ya kwanza mlio ukaanguka, ya pili ukaanguka, ya tatu haukubadilika. Silinda ambayo ukiinyima mafuta injini haishtuki ndiyo ilikuwa haifanyi kazi. Nozeli ile ilipopelekwa kwenye mashine ya kupimia ilidondosha matone badala ya kurusha ukungu.

Nikakumbuka filta iliyooshwa kwa petroli. Filta ya karatasi haioshwi. Petroli haiutoi uchafu uliojichimbia kwenye nyuzi, bali huusogeza, na karatasi iliyolowa na kukunjuliwa hupasuka mahali usipopaona. Siwezi kuthibitisha kwamba uchafu ulioharibu nozeli ile ulipita siku hiyo, ila kati ya yote yaliyofanyiwa trekta hii sioni njia nyingine iliyokuwa wazi kiasi kile. Ncha mpya ya nozeli ikafungwa, wosha ya shaba chini yake ikabadilishwa (wosha ya zamani isirudishwe, na hakikisha haikubaki shimoni zikawa mbili), na misi ikaisha.

Inavyotunzwa sasa

Jioni tenki linajazwa kabla trekta haijalala, ili pasiwe na nafasi ya hewa yenye unyevu. Asubuhi, kabla ya stata, dereva anatazama bakuli la filta. Maji huonekana kama kidonge kinachobingirika chini ya kioo. Yakiwepo, analegeza skrubu ya chini, anayatoa, anabana. Mafuta yanayoletwa kwa madumu yanaachwa yatulie, yanamiminwa kupitia wavu, na mafuta ya kina cha vidole viwili yanayobaki chini ya dumu hayamiminwi. Dumu lililopakwa zinki halitumiki kabisa kwa dizeli, kwa sababu zinki hujibizana na tindikali za mafuta na kuzaa utando unaoziba filta. Filta yenyewe, vitabu vya injini nyingi za aina hii hutaja saa 400 hadi 500 za kazi. Kwa trekta inayolima kwenye vumbi na kunywa mafuta ya madumu mimi husema nusu ya hapo, na wavu wa koki usafishwe kila filta inapobadilishwa.

Pampu ya nozeli haijafunguliwa mpaka leo. Ni ya zamani, na sisemi ni mpya ndani. Sehemu zake zimeachana kwa nafasi ndogo mno, sehemu chache tu za elfu moja za milimita, na kinachozilainisha ni hiyo hiyo dizeli, kwa hiyo maji na mchanga vilivyopita huko nyuma lazima viliacha alama. Itakapochoka kweli itasema kwa namna nyingine: itawaka vizuri ikiwa ya baridi, lakini ikizimwa ikiwa ya moto itagoma, maana dizeli ya moto ni nyepesi na itapenya kwenye vyuma vilivyolika badala ya kwenda nozeli. Siku hiyo, injini ikiwa imezimwa, mwenye trekta afunike pampu kwa kitambaa kilicholowa maji ya baridi na kuiacha ipoe. Asimwagie maji pampu inayozunguka, itakwama. Ikiwaka baada ya kupoa hivyo, na tenki, paipu na filta vikiwa vimeshapimwa na kuonekana vizima, hapo aiweke alama mahali inaposhikana na injini, aifungue, aipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia.